Mstari wa Mbele wa Mama Kitalu

Ukifika kwenye kitalu chake pale Mbalizi, ng'ambo ya kijito, macho yako yalikutana kwanza na miche iliyokufa. Aliipanga mstari mmoja kando ya geti, imekauka kwenye viriba vyake, na mbele ya kila mmoja alichomeka kibao kidogo alichokiandika kwa kalamu ya wino mzito. Nimekata juu mno. Nimechelewa kufunga. Nimemwagilia kupita kiasi. Nilikuwa na hasira. Hicho cha mwisho kilikuwa cha mche uliopasuliwa vibaya mpaka karibu na mizizi, na kila aliyekisoma alielewa bila kuuliza.

Sote tulimwita Mama Kitalu. Alizaliwa wapi na nani, hayo waulizeni ndugu zake. Mimi nilikuwa dereva wake kwa miaka kumi na moja, na ninachokijua ni kile anachokijua dereva: mtu anavyopanda gari, anavyoshuka, anachosema njiani na anachokinyamazia. Sasa hayupo, huu mwaka wa pili, na kila nikipita Mbalizi shingo inageuka yenyewe kutazama upande wa kijito. Nimemkumbuka mno. Nasema hivyo mapema msije mkadhani nimekaa hapa kumpamba marehemu. Naandika kwa sababu kibao kimoja katika mstari ule kilikuwa cha uongo kwa miaka mingi, na uongo huo ulikuwa wangu.

Wenzake wa biashara walimwona amerukwa na akili. Bwana mmoja mwenye kitalu kikubwa kando ya barabara kuu alimwambia mbele yangu, "Mama, sasa wewe unaanika misiba getini, nani atanunua?"

Mama Kitalu alikuwa anachekecha udongo, wala hakusimama. "Na yako iliyokufa iko wapi?"

"Nimetupa nyuma huko," bwana akasema akicheka.

"Basi tunatofautiana kwenye geti tu, baba."

Na watu walinunua. Walikuja kutoka Uyole, kutoka Mufindi, wengine waliletwa na habari za vile vibao, wakataka kumwona mwanamke anayejisema mwenyewe kabla hajasemwa. Wapo aliowafukuza. Mkulima mmoja wa vitunguu alikuja kutoka Ruaha Mbuyuni akitaka miche thelathini ya parachichi, kavaa kofia nzuri, kaja na gari. Mama akamuuliza kwao joto likoje. Alipoelezwa akatikisa kichwa. "Huko kwenu jua litaniandikia vibao thelathini. Rudi ukalime vitunguu vyako, baba, unavijua." Mkulima aliondoka amenuna. Wiki iliyofuata alituma gunia la vitunguu, akisema huyo ndiye mtu wa kwanza kukataa kumuuzia kitu.

Kazi yake ilikuwa kubebesha. Kwa asiyejua: unaotesha kokwa la parachichi la kienyeji, mche ukifika unene wa penseli unaukata kichwa, unaupasua kidogo, kisha unachomeka hapo kikonyo, yaani kijitawi ulichokikata kwenye mti wa aina unayoitaka. Unafunga kwa ukanda wa nailoni mpaka vishikane. Mizizi inakuwa ya huyu, matunda ya yule. Ukichomeka kikonyo cha mti usio wenyewe, mche utakua vizuri tu, utapendeza, na hutajua mpaka mwaka wa tatu au wa nne utakapozaa. Fundi mwashi akikosea ukuta anauona jioni ile ile. Mama Kitalu alikuwa akisubiri miaka kujua kama alikuwa na akili timamu siku fulani ya Jumanne.

Labda ndiyo maana hakuwa na subira na visingizio. Mtu akija na kosa, lake au la mwingine, hakutaka hadithi. Alikuwa na swali moja: "Haya. Tunakatia wapi?" Mti ulioharibika unaukata ukishuka mpaka ufike penye uhai, unaanzia hapo, na yeye aliamini mambo yote yanakwenda hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza kwake niligonga nguzo ya geti nikirudi nyuma. Nilikuwa nimejiandaa vizuri.

"Umegonga?" akauliza.

"Mama, unajua zile breki nilikwambia, halafu na lile jua lilikuwa limenipiga usoni, na huyu jirani kaweka matofali..."

"Umegonga au hujagonga?"

"Nimegonga."

"Haya. Tunakatia wapi?"

Nguzo niliisimamisha siku ile ile, nikashinda na sururu mpaka alasiri. Nilipomaliza akanipa kibao na kalamu. Nilidhani ananitania. Nikaandika: Nimegonga. Dereva. Akakipigilia kwenye nguzo mwenyewe, wateja wakawa wanakisoma na kunitazama wakicheka, na baada ya wiki moja hakuna aliyekumbuka. Kwa hiyo sitasema sikujua njia. Njia nilionyeshwa mapema, na niliona jinsi ilivyo fupi.

Sasa msimfanye malaika. Kwenye kitalu alikiri hata yale ambayo hakuna mtu angeyajua, lakini jikoni hakuwahi kukosea hata siku moja. Alipika chumvi mno. Namaanisha mno. Kila Iddi aliletwa nyumbani kwangu na miguu yake mwenyewe, kabeba sufuria ya ndizi kichwani, na wanangu walipomwona anaingia walianza kujaza vikombe vya maji. Siku moja mke wangu alijipa moyo. "Mama, ndizi tamu, ila chumvi imekolea kidogo." Mama Kitalu akaonja, akafikiri, akasema, "Chumvi ya siku hizi inatengenezwa kali." Mwaka mwingine ilikuwa kosa la sufuria. Mwaka mwingine akaniambia mimi nina homa, homa inaharibu ulimi.

Na barabarani hakuwahi kupotea. Tulipokwenda kwa mteja mmoja huko Kilolo alinipindisha kushoto mara tatu tukaishia kwenye bwawa la watu. Alilitazama lile bwawa kwa dharau. "Wamehamisha njia," akasema. Nilicheka mpaka nikaegemea usukani, naye akanuna mpaka Iringa mjini, ambako alininunulia mahindi ya kuchoma bila kusema neno.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka nikiwa peke yangu kwenye gari. Mengine nayakumbuka hata nisipotaka.

Mwaka mmoja alinituma Mufindi, kwa mzee mwenye miti mama ya hass, zile parachichi zenye ngozi ya kukwaruza zinazogeuka nyeusi zikiiva, ambazo wanunuzi wa nje wanazitafuta. Nilikabidhiwa furushi la vikonyo, vimeshapogolewa majani, vimefungwa kwenye gazeti bichi na gunia lililoloweshwa. Mama alikuwa ameniambia, "Usilale njiani, Dereva. Hivi ni kama samaki." Nililala njiani. Makambako kulikuwa na harusi ya rafiki yangu. Mimi ni Mwislamu, pombe sinywi, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kulewa. Nililewa pilau na ngoma. Nilikaa siku mbili, gari likiwa limesimama juani, vioo vimefungwa. Nilipofungua gunia, maganda ya vikonyo yalikuwa yamejikunja, na nilipokwaruza kimoja kwa ukucha, ndani palikuwa na rangi ya udongo.

Ningeweza kurudi Mufindi. Ningeweza kupiga simu. Nilichofanya ni kuendesha huku natokwa jasho mpaka Inyala, nikasimama kwa mama mmoja muuza chai, na nyuma ya banda lake palikuwa na mparachichi mkubwa wenye afya.

"Mama, hii parachichi ni aina gani?"

"Parachichi tu, baba. Unakula."

Nikamwomba vijitawi. Nikakata vilivyofanana na vile vingine kwa unene, nikatoa majani, nikafunga kwenye gazeti lile lile na kulowesha gunia upya. Bila majani, kikonyo ni kijiti tu. Mama Kitalu alinipokea kwa furaha, akavisifu kwamba vimefika vibichi, akaanza kubebesha siku hiyo hiyo. Mezani kwake palikuwa na furushi jingine pia, la vikonyo vya parachichi kubwa za kienyeji, alilokuwa anawabebeshea majirani kwa ajili ya kula nyumbani.

Miche ile iliuzwa kwa wakulima saba. Miaka ikapita. Nilijiambia huenda mti wa Inyala nao ni hass. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Mwaka wa nne, mkulima wa kwanza alikuja na tunda ndani ya kofia yake. Nilikuwa pale, natoa tairi. Lilikuwa tunda kubwa, la kijani, lenye ngozi laini. "Mama," akasema kwa upole, maana alimheshimu, "wanunuzi wamelikataa. Hii ndiyo ile uliyoniambia?"

Mama Kitalu aliligeuza mkononi. Hakuchukua hata dakika. "Siyo," akasema. "Nimekosea. Siku ile meza ilikuwa na mafurushi mawili, nimeyachanganya. Kosa langu, baba. Na kama wewe umepata hili, wenzako sita wanalo."

Mdomo wangu ulifunguka, wallahi ulifunguka. Kisha nikasema, "Mama, tairi tayari."

Jioni ile aliweka kibao kipya mwanzo kabisa wa mstari, mbele ya mche wa kundi lile uliokuwa umebaki. Nimechanganya mafurushi.

Hakungoja wale wengine waje. Tulianza kuwafuata mmoja mmoja, na ni mimi niliyekuwa nampeleka. Alikuwa na utaratibu wake: akifika kwa mtu hakukaa, hakunywa maji, hakuuliza habari za watoto mpaka awe amesema. "Miti niliyokuuzia siyo niliyokuahidi. Kosa ni langu. Nimekuja na kisu." Halafu alieleza. Mti hautang'olewa. Tutaukata usawa wa kiuno, tutaacha tawi moja la kuulisha, tutachomeka vikonyo vipya chini ya ganda, tutapaka shina chokaa lisiungue. Baada ya miaka miwili utazaa kile ulichokusudia. Wapo waliofoka. Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga alipoona miti yake yenye maua inaangushwa, na mwenye kushika msumeno nilikuwa mimi. Yeye alikata mwenyewe vikonyo, akafunga mwenyewe, na kila shamba alilirudia mara tatu kuona kama vimeshika.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mstaafu, karibu na Mgololo. Alikuwa na miti kumi na miwili na alikuwa ameihesabia uzee wake. Tuliingia na gari mpaka uani kwake, Mama akashuka, mimi nikabaki kwenye usukani, kioo kimeshushwa.

"Kamwene," Mama akasalimia.

"Kamwene." Alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemea fimbo. Kisha akasema polepole, "Umenipotezea miaka minne, mama. Mimi miaka ya kuchezea sina. Usiguse mti wangu tena."

"Una haki," Mama akasema, akarudi garini.

Tukaendesha mpaka tukakaribia Makambako. Pale pale, tukipita mahali nilipokula ile pilau, akasema akitazama mbele, "Macho yangu, Dereva. Mafurushi mawili mbele yangu, sikuona tofauti."

Ni hapo ndipo lile jambo lilipobadilika, na mimi nilijua limebadilika. Kuwakatia watu miti aliweza. Alikuwa amezoea kukosea, hilo halikumvunja. Lakini makosa yake yote alikuwa anajua alivyoyafanya. Aliweza kukuonyesha mkono ulivyoteleza. Hili hakuliona. Alilitafuta kichwani mwake, siku ile, meza ile, na hakulikuta, kwa sababu halikuwepo. Akahitimisha kwamba kuna kitu ndani yake kimeanza kufa bila kumwarifu.

Akaanza kutokujiamini. Mtaalamu mmoja wa kilimo alimfundisha kutofautisha miche kwa kufikicha jani na kulinusa, kwamba nyingi za kienyeji zina harufu kama ya bizari tamu, na hass haina. Tangu siku hiyo alinusa kila mche asubuhi na jioni, akanusa na vidole vyake. Alisimamisha wapita njia. "Mwanangu, hebu nionee, hivi vijiti vinafanana?" Alibandika karatasi za rangi kwenye kila furushi, kisha akawa na wasiwasi kama rangi alizibandika sawa. Watu walisema Mama Kitalu amekuwa makini sana siku hizi. Mimi nilikuwa nakaa garini nasikiliza redio kwa sauti kubwa.

Asubuhi moja nilimkuta amekifunga kisu chake kwenye kitambaa na kukitundika ukutani.

"Nimeacha kubebesha," akasema. "Nitauza miche ya kabichi."

"Mama, lakini unaona vizuri tu. Jana umeniambia nina tundu kwenye soksi."

"Ningekuwa naona, nisingechanganya."

Kauli niliyotakiwa kusema ilikuwa fupi kuliko salamu. Nilisema, "Basi pumzika, Mama." Bado nasikia sauti yangu ikisema hivyo, kwa huruma nzuri kabisa.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni niliogopa kazi. Nilikuwa na watoto wadogo. Baadaye kazi yenyewe ilikwisha, maana mwenye kuuza kabichi hahitaji gari, nikaenda kubeba kokoto za mtu mwingine, na bado sikusema. Kufikia hapo sikuwa naogopa tena kosa la Makambako. Niliogopa ile miaka niliyoketi pembeni yake nikimtazama ananusa vidole. Siku moja msikitini shekhe alieleza toba. Yaliyo baina yako na Mungu, akasema, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Lakini haki ya mtu utamrudishia mtu mwenyewe. Nikatoka nikavaa viatu vya mtu mwingine, kwa jinsi nilivyokuwa nimechanganyikiwa, na nikafika nyumbani ndipo nikagundua. Viatu nilivirudisha siku ile ile.

Kisha macho yake yakaharibika kweli. Presha ya macho, walimwambia hospitali, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilikwenda kumwona siku ya Iddi, safari hii sufuria nimebeba mimi. Geti lilikuwa limeinama. Kwenye nguzo, kile kibao changu kilikuwepo bado, Nimegonga. Dereva, na wino wake ulikuwa mpya. Nikatazama ule mstari wa mbele. Miche ilikuwa imeoza siku nyingi, viriba vimechanika, lakini vibao vyote vilikuwa vimepitishwa wino upya, herufi juu ya herufi, mpaka pale mkono ulipoanza kutoka nje ya mstari. Cha mwanzo ndicho kilichoandikwa kwa kutetemeka kuliko vyote. Nimechanganya mafurushi. Mtu asiyeona alikuwa amepapasa mpaka akaliandika tena kosa ambalo hakulifanya.

Nilimkuta ameketi mlangoni. Aliijua miguu yangu.

"Dereva. Iddi njema. Mbona umesimama?"

"Mama, kibao cha kwanza si cha kweli."

"Kipi?"

"Cha mafurushi. Hukuchanganya." Na nikasema yote, harusi, gari juani, Inyala, yule mama wa chai. Sikugusa breki wala jua. Nilisimama wakati wote kama alivyokuwa akisimama yeye kwenye nyua za watu.

Kuku alipita katikati yetu.

"Kwa hiyo macho yangu yalikuwa mazima," akasema.

"Yalikuwa mazima, Mama."

"Siku ile."

"Siku ile, na siku ile uliyotundika kisu."

Akapeleka mkono usoni, akayagusa macho yake taratibu, moja kisha la pili. "Ungeniambia siku ya tairi," akasema. "Ningekufukuza, ndiyo. Wiki moja. Halafu ningekuita, maana nani mwingine angeniendesha? Umeninyima macho yangu, Dereva. Nilipokuwa bado ninayo."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Aliinuka, akaingia ndani akishika ukuta, akafunga mlango, nami nikabaki pale na sufuria yangu nikidhani ndiyo basi, amenifukuza. Aliporudi alikuwa na kibao kitupu na kalamu.

"Andika. Halafu unisomee."

Nikaandika, nikasoma: "Vikonyo vilikaukia garini kwangu. Nilikata vingine Inyala. Sikusema. Dereva."

"Madereva ni wengi," akasema.

Nikaandika jina langu lote, na la baba yangu. Alikishika kibao, akapitisha kidole juu ya wino mbichi, kidole kikachafuka. Aliniongoza mwenyewe mpaka getini, akang'oa kile cha zamani kwa mikono yake, akanisimamia mpaka nikachomeka hiki mahali pake.

"Sijakusamehe leo," akasema. "Nikiwa tayari nitakwambia. Mzee wa Mgololo yuko hai?"

"Yuko hai."

"Haya. Tunakatia wapi?" Akanirudisha nyumbani, akaenda ukutani kwa kupapasa, akatungua kisu kilichofungwa kwenye kitambaa, akanipa.

Nilipita Mufindi kuchukua vikonyo na nikaenda moja kwa moja Mgololo, bila kusimama hata kwa chai. Yule mzee alikuwa amepungua mwili, na ile miti kumi na miwili ilikuwa imekuwa mikubwa, imezaa matunda ya kijani yaliyokuwa yameanguka chini yakiliwa na nguruwe. Sikukaa. Nikamwambia yule mama hakukosea, aliyekosea ni mimi, na nimekuja na kisu chake.

Alinitazama sana. "Wewe ndiye uliyekuwa unamwendesha."

"Ndiye mimi, mzee."

"Ukakaa garini wakati namfukuza."

"Nilikaa garini."

Akavuta kigoda chake kivulini. "Kata. Lakini nitakuwa hapa nakuangalia."

Nilifanya kazi siku mbili, kwa namna niliyomwona Mama akifanya miaka yote, mzee ameketi. Baada ya miezi miwili nilirudi kutazama, kisha nikaendesha mpaka Mbalizi. Mama Kitalu alikuwa anapika. Moto aliujua kwa uso, maji aliyajua kwa sauti, na hakuruhusu mtu amsaidie.

"Imeshika mingapi?" akauliza kabla sijakaa.

"Kumi. Miwili imekufa."

"Imekufaje?"

Kuna jua kali lilikuwa limepiga Mgololo wiki ile. Hata yule mzee mwenyewe alilitaja. Neno hilo lilifika kabisa kwenye ulimi wangu. "Mmoja nilikata kwa kisu butu, niliona uvivu kukinoa," nikasema. "Wa pili niliongea sana na mzee, nikachelewa kufunga. Vibao ninavyo hapa. Na kisu nitakwenda nacho tena mwezi ujao."

Nilimsomea vyote viwili. Alicheka, cheko lake lile la zamani la mabega, ambalo nilikuwa sijalisikia tangu kabla ya tunda lile la kwenye kofia. Nilimletea pia jani moja changa kutoka kwenye tawi lililoshika. Akalifikicha, akalinusa, akalinusa tena, akaliweka kwenye fundo la kanga yake.

Kisha akapakua. Tukala ndizi zake kwenye sahani moja, kama tulivyokuwa tukila njiani. Niliweka tonge la kwanza mdomoni na machozi yakanitoka, chumvi ilivyokuwa kali. Nikatafuna. Na yeye akatafuna. Akasimamisha mkono.

"Dereva," akasema. "Nimezidisha chumvi."

Miaka kumi na tisa nilikuwa namjua.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Imezidi."

Akanisukumia sufuria. Nikaenda mtungini nikachota maji, tukaongeza, tukarudisha motoni, tukangoja pamoja ichemke upya.